Utepe wa Sentimita Thelathini na Mbili

Viola alizungusha futi kwenye kichwa cha mwanawe, juu kidogo ya nyusi, akaipitisha kisogoni, akaibana kwa ukucha wa dole gumba. Ishirini na tisa na nusu. Akapima tena, maana fundi wa nguo hapimi mara moja. Ishirini na tisa na nusu ileile. Akatoa chaki mfukoni, ile bapa ya kuchorea vitambaa, akaandika ukutani juu ya kitanda. Juu ya namba hiyo zilikuwepo nyingine: 27, 27½, 28, 28½, 29. Alikuwa akiziandika kila baada ya siku moja, kwa sababu karatasi za faili ziliisha wodini tangu mwezi uliopita.

"Sista Edrine, njoo uone."

Sista Edrine alikuja na bomba la sindano lenye maziwa. Alikuwa muuguzi kutoka Kampala, mwaka wa nne sasa Juba, na miguu yake ilivimba kila jioni kwa kusimama.

"Mama Loro, mimi naona. Kila siku mimi naona."

"Sasa?"

"Sasa mimi nafanya nini? Mimi iko na macho tu. Funguo sina."

Loro alizaliwa wiki ya ishirini na tisa, kilo moja na robo, mwili mzima ukitosha kwenye viganja viwili vya baba yake. Siku mbili za kwanza alijitahidi. Siku ya tatu akageuka rangi ya majivu, akasahau kupumua. Edrine akamfinya wayo mpaka akakumbuka. Jioni ile mkono wa kushoto na mguu wa kushoto vikaanza kuruka vyenyewe, na Daktari Ayuel akaja, akaweka kidole juu ya utosi, akaubonyeza taratibu mara mbili.

"Damu imevuja ndani ya ubongo," akasema mwishowe.

"Nani amempiga?"

"Hakuna aliyempiga, mama. Watoto wanaokuja mapema, mishipa yao ya ndani ya kichwa ni laini kama karatasi iliyoloa. Inapasuka yenyewe."

Halafu akamweleza lililobaki, na Viola akalishika neno kwa neno kama anavyoshika vipimo vya mteja. Damu ikishaganda inaweza kuziba njia ya maji ya ubongo. Maji yakikosa pa kutokea, kichwa kinapanuka, na ubongo unabanwa siku hadi siku. Dawa ipo: kuyatengenezea maji njia nyingine kabla ubongo haujaharibika. Hospitali moja ng'ambo, Uganda, hufanya upasuaji huo bure, na ndege ya msaada huwachukua watoto kila mwisho wa mwezi. Ila hawampokei mtoto bila picha ya kichwa. Picha inaonyesha damu ni kiasi gani na maji yamefika wapi. "Bila picha mimi nabahatisha," alisema Ayuel. Kliniki tatu za mjini zilikwisha kusema mashine zao ni za kuangalia mimba tu, kifaa cha kichwa cha mtoto hawana.

Na mashine ya picha ilikuwepo papo hapo! Hatua kumi na nane kutoka kitanda cha Loro, Viola alizihesabu. Ilikuwa chumba namba nne, nyuma ya kufuli, bado imevaa nailoni zake.

"Hiyo boksi mimi ndiyo nilibeba," Jada alimwambia, na alimwambia hivyo karibu kila siku. Mumewe alikuwa mpakiaji mizigo uwanja wa ndege. "Sisi wanne. Imeandikwa kioo, usipindue. Tumeishusha polepole kama maiti ya mkubwa. Wiki saba sasa, Viola. Wiki saba!"

Ilifungiwa kwa sababu haijafunguliwa rasmi. Ndiyo desturi, na desturi hiyo haina mwenyewe wa kumlaumu: kitu kipya hakigusi kazi mpaka mkubwa akate utepe. Kule New Site wanakokaa, kisima cha pampu kilisimama miezi mitatu mkono wake umefungwa mnyororo, kinangoja hotuba, na wanawake wakikipita na madumu yao kwenda kununua maji ya tangi. Watu walicheka sana habari ile. Viola naye alicheka, tena kwa sauti.

Daktari Ayuel hakucheka. Mwaka jana alizifungua mashine tatu za oksijeni kabla ya sherehe, kwa sababu watoto watatu walikuwa wanakata roho. Watoto wawili wakapona. Yeye akapewa barua ya onyo na kukatwa mshahara wa miezi miwili, na ya pili ikija, alisema, ni ya kufukuzwa. "Mlango nikiukuta wazi," alimwambia Jada huku akiangalia pembeni, "mimi ni daktari, nitaingia. Lakini kuuvunja mwenyewe, siwezi."

Jumatatu ile, baada ya kuandika namba yake, Viola alijifunga leso vizuri akaenda ofisini kwa mkurugenzi. Silvester lilikuwa jina lake, lakini pale kila mtu alimwita Mudiri. Alikuwa mtu mpole. Alimpa kiti, akampa hata chupa ya maji.

"Mudiri, naomba mtoto wangu apigwe picha na ile mashine."

"Mashine gani?"

"Ya chumba namba nne."

"Aa, hiyo bado si yetu." Mudiri alitabasamu. "Wafadhili hawajaikabidhi. Mheshimiwa waziri hajaifungua. Sasa wewe niambie, ukitumia kitu cha mtu kabla hajakupa, hiyo inaitwaje?"

"Wizi," Viola alijibu kama mwanafunzi, na papo hapo akajichukia.

"Kwes, vizuri. Wewe una akili." Akainama juu ya karatasi zake, kisha akainua kichwa tena kama mtu aliyekumbuka jambo. "Lakini una bahati. Mheshimiwa anakuja Alhamisi hii. Wafadhili wanataka kuona mashine inafanya kazi, kamera zitakuwepo, na mimi nilikuwa natafuta mtoto. Anaitwa nani wako?"

"Loro."

Mudiri akaandika, akamgeuzia karatasi aone: *Loro, namba moja.* Halafu akaiona futi shingoni mwake.

"Wewe fundi?"

"Nashona soko la Malakia, kibarazani kwa Ruqiya."

"Basi tusaidie. Shona kitambaa cha kufunikia mashine, cha kuvutwa wakati wa kufungua. Na mtoto mfunge utepe kichwani, rangi moja na ule wa kukatwa. Nyekundu. Apendeze kwenye picha."

Viola alitoka pale akitembea haraka, anacheka peke yake. Alikuja kukikumbuka kicheko hicho baadaye, akaona haya.

Ruqiya alikuwa Msomali wa Garissa, mwenye duka la vitambaa. Alikata mita nne za satini nyekundu na utepe juu yake, asitake malipo. "Chukua, Mama Loro. Lakini walai, hawa watu wana nini? Mtoto mgonjwa anatakiwa kwa daktari, wao wanataka apambwe kama bibi harusi? Si wafungue tu mlango?"

"Alhamisi si mbali, dada."

"Alhamisi yenu hiyo," Ruqiya alisema, na akaguna.

Jumanne jioni Jada alikuja wodini na nondo, ameificha ndani ya gunia. Alimvuta Viola kwenye korido.

"Askari wa zamu ni mtu wetu, tulikuwa naye kambi ya wakimbizi Adjumani. Amesema atakwenda kunywa chai. Kufuli moja tu, mimi navunja dakika mbili. Daktari yuko, nimeongea naye. Jenereta ya uwanja wa ndege nimeazima, usiku huu tu. Dakika ishirini, picha imetoka, tunarudisha kila kitu."

Viola alilitazama gunia. Alimtazama mumewe, mikono yake ilivyopasuka kwa kamba za mizigo. Alijua kuwa Jada hatanii.

"Hapana, Baba Loro."

"Kwa nini hapana?"

"Wakikushika? Watakufunga, na mtoto wa mwizi nani atampandisha ndege? Mudiri ameandika jina. Mimi nimeona na macho yangu. Keshokutwa tu. Ngoja."

"Viola, hawa watu mimi najua. Mizigo yao nabeba kila siku."

"Ngoja, nimesema! Umengoja wiki mbili, siku mbili itakushinda?"

Jada aliondoka na gunia lake. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hawakupata kuona kichwa cha Loro.

Asubuhi ya Jumatano Viola alipima: thelathini. Akaketi sakafuni kando ya kitanda, akashona utepe kwa mkono, pindo dogodogo, kibanio upande mmoja na kitanzi upande mwingine. Aliukata utoshe sentimita thelathini na mbili. Nguo ya mtoto huachiwa nafasi ya kukua. Hata sare ya shule hushonwa hivyo, mzazi asinunue mara mbili kwa mwaka. Alimvalisha. Ulimlegea kidogo, ukamshukia nyusini, na Lilly wa kitanda cha pili akasema, "Ai, Loro mheshimiwa!" wakacheka wote. Lilly na Viola walijifungua usiku mmoja. Mtoto wa Lilly naye alikuwa njiti, ila wake hakuvuja damu, na alinyonya kama mtu anayedai.

Adhuhuri wakaja wapaka rangi. Mudiri ametaka kuta ziwe safi, walisema. Viola alikuwa nje anafua. Aliporudi, ukuta wa juu ya kitanda ulikuwa mweupe unaonukia, na namba zake zote zimekwenda.

"Kulikuwa na hesabu pale!"

"Tuliona uchafu wa chaki, mama. Malesh, samahani."

Alhamisi turubai lilifungwa mapema, viti vya plastiki vikapangwa, soda zikatiwa barafu. Viola alimwogesha Loro kwa kitambaa, akamfunga utepe. Saa tatu hakuna mtu. Saa nne Sista Edrine akaja, mikono imelala ubavuni.

"Mama Loro. Jana jioni kwa televisheni wamesoma amri. Mheshimiwa wametoa."

"Wametoa wapi?"

"Kwa kazi. Hata yeye mwenyewe amesikia kwa televisheni, wanasema. Mwingine bado hawajataja."

Viola aliupita uwanja wenye viti vitupu mpaka ofisini. Mudiri alikuwa anakunywa soda moja ya wageni.

"Kata wewe, Mudiri. Utepe upo, mkasi ninao mimi. Nakuomba."

"Mimi?" Mudiri alishangaa kwa dhati, kama aliyeambiwa aoe mke wa mtu. "Mimi nikate utepe wa Mheshimiwa? Halafu akija mpya akute kitu kimekatwa? Ya bit, binti wewe, unataka na mimi wanisome kwenye televisheni? Ngoja. Si muda mrefu."

Ulikuwa wiki tatu.

Thelathini na mbili. Thelathini na tatu na nusu. Thelathini na tano. Viola aliziandika kwa siri chini ya godoro, kwenye ubao wa kitanda, wasije wakazipaka rangi tena. Mishipa ikajichora kwenye ngozi ya kichwa, ngozi ikang'aa. Utosi ukakaza kama ngoma. Loro akaanza kutapika maziwa, halafu macho yake yakaanza kuangalia chini, chini tu, weupe ukibaki juu, na Daktari Ayuel alipoona hivyo akatoka nje akaupiga ukuta teke. Alimchoma mtoto sindano ya mgongoni mara mbili kupunguza maji. Yalipungua siku moja, yakarudi. Aliandika barua ng'ambo bila picha, akataja kila namba aliyoikumbuka. Jibu likaja kwa adabu: tunaomba picha.

Jada alirudi na gunia lake usiku wa wiki ya kwanza, bila kumwambia mkewe. Mlangoni alikuta makufuli mawili na askari wasiomjua. Yule wa Adjumani alikwisha kuhamishwa. Mwisho wa mwezi ndege ya msaada ikaja, ikachukua watoto wawili wa hospitali nyingine. Jada ndiye aliyepakia mabegi yao.

"Nilikuwa na nondo mkononi," alimwambia Viola siku hiyo. Viola alitamani amtukane, yaishe.

Mheshimiwa mpya aliapishwa Jumanne, na sherehe ikapangwa Ijumaa. Asubuhi hiyo kichwa cha Loro kilikuwa sentimita thelathini na saba. Turubai lilelile, viti vilevile. Lori dogo likaleta jenereta ya kukodi, maana umeme wa jua wa hospitali ulitosha taa za wodi tu. Mudiri alipita kitanda kwa kitanda akiwa na suti ya bluu na ile karatasi yake mkononi. Akafika kwa Loro, akasimama.

"Huyu ndiye Loro?"

"Ndiye. Namba moja. Uliandika."

Mudiri alimshika Edrine kiwiko, akamsogeza pembeni hatua mbili, kana kwamba hatua mbili zinamfanya mama kiziwi. "Sista, huyu hapana. Televisheni iko. Wafadhili wakiona kichwa hiki watauliza mtoto amekaa hapa muda gani."

"Waulize!" Viola alipaza sauti mpaka wodi nzima ikageuka. "Si ndiyo nataka waulize? Mimi nitawajibu! Siku arobaini, na mashine iko hapo, hatua kumi na nane!"

"Mama, pole pole. Atapigwa. Baada ya wageni, yeye wa kwanza." Macho yake yalikwisha kuhamia kitanda cha pili. "Yule mnene wa nani?"

Lilly alimkumbatia mwanawe. "Huyu wangu haumwi kitu, Mudiri."

"Ndiyo vizuri. Kile kitambaa cha kichwani kiko wapi?"

Edrine alisema hajui. Lilly alimtazama Viola, machozi yanamlenga. "Mama Loro, mimi nitakataa. Sema tu, nitakataa."

Lakini Mudiri amesema baada ya wageni. Viola hakumwamini tena, hata kidogo. Ila aliyezama hushika hata jani. Alitoa utepe chini ya mto akampa Lilly.

Sherehe ilikwenda vizuri. Mheshimiwa alisema afya ni haki ya kila raia, wakapiga makofi. Mfadhili alisema kwa Kiingereza jambo refu, wakapiga makofi. Utepe ukakatwa kwa mkasi mpya, kitambaa alichokishona Viola kikavutwa, na mashine ikaonekana, nyeupe, inang'aa. Fundi aliyeletwa kutoka Nairobi kwa siku moja akapaka utosi wa mtoto wa Lilly mafuta ya kupimia, na kwenye kioo ukatokea ubongo. "Safi kabisa!" akasema. "Hauna tatizo lolote!" Makofi yalikuwa marefu kuliko yote.

Viola alikuwa mlangoni, Loro kifuani, bega la askari likimzuia. "Mheshimiwa!" aliita. "Na huyu! Mheshimiwa, mtazame na huyu!" Mheshimiwa aligeuka nusu. Mudiri akainua kidole, na kwaya ya akina mama ikaanza kuimba, kwa ngoma na vigelegele, mpaka Viola mwenyewe hakuisikia sauti yake.

Wageni walipoelekea kwenye soda, Daktari Ayuel alimshika Viola mkono, akamwingiza chumbani karibu akikimbia. Alimlaza Loro pale pale penye joto la yule mwingine. Akampaka mafuta utosini. Kioo kikaonyesha ukungu wa kijivu, Ayuel akazungusha kifaa, ukungu ukaanza kujipanga, "Haya, haya, njoo," alisema daktari kwa sauti ya chini, na kioo kikazima.

Nje ngurumo ya jenereta ilikuwa imekoma. Viola alikimbia dirishani. Wanaume wanne walikuwa wanaipandisha kwenye lori.

"Ngojeni! Dakika tano tu!"

"Imekodiwa mpaka saa sita," mmoja akajibu, wala hakuacha kusukuma.

"Haina betri?" Viola alimgeukia daktari.

"Betri inauzwa peke yake." Ayuel aliendelea kushika kifaa juu ya kichwa cha mtoto.

Mudiri alikuja na makufuli yake. Alikuwa amefurahi, alitaka kila mtu afurahi. "Mafi mushkila, hakuna shida, umeme wa chumba hiki unaunganishwa Jumatatu."

"Jumatatu gani?" Viola akauliza.

Mudiri alicheka kana kwamba ametaniwa, akawaonyesha mlango kwa mkono.

Wodini, Viola alimfuta Loro mafuta yaliyopoa kichwani. Lilly alikuja na utepe, ameukunja vizuri, akauweka kitandani bila kumwangalia. "Asante, Mama Loro," alinong'ona. "Ulimtosha." Kisha akarudi kwa mwanawe, akaanza kufungasha. Waliruhusiwa kwenda nyumbani jioni hiyo.

Viola alitoa chaki. Safari hii hakuinamia ubao wa kitanda. Aliandika juu ya rangi mpya, kwa herufi kubwa kama za bango: LORO, 37. Halafu akachukua utepe, akauzungusha juu kidogo ya nyusi za mwanawe, akaupitisha kisogoni, akavuta kibanio kuelekea kitanzi. Akavuta tena, maana fundi hapimi mara moja. Nafasi ya kukua alimwachia. Yeye mwenyewe aliiacha, sentimita mbili nzima. Kati ya ncha na ncha vidole vyake vitatu vililala juu ya ngozi iliyokaza, na kwa nje alisikia viti vya plastiki vikipangwa kimoja juu ya kingine.